Demani ya Mlimani

Lugha yetu ya Kiswahili ililelewa pwani, na majira yake ni majira ya pwani. Ina kaskazi na kusi, masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Inalo pia neno moja zuri ambalo vijana wa leo hawalitumii sana, nalo ni demani: kipindi kile cha baina ya Agosti na Oktoba ambapo kusi imekwisha nguvu, bahari imetulia na wavuvi wanatoka bila hofu. Lakini haina jina lake yenyewe la majira ambayo watu wa Ulaya huyasifu mno katika vitabu vyao, yale yanayofuata baridi, miti inapoamka. Waandishi wa vitabu vya jiografia walilazimika kutunga. Wengine wakaandika majira ya kuchipua, wengine majira ya machipuko. Nilifundisha maneno hayo kwa miaka mingi, na watoto waliyakariri kama walivyokariri majina ya mito ya mbali. Nao huku wakikariri, nje ya dirisha la darasa miplamsi ya shule ilikuwa inachanua.

Miti hiyo ililetwa katika milima ya Usambara na Wajerumani, wamisionari na walowezi, pamoja na mipeasi na mipichesi. Imekaa kwetu zaidi ya miaka mia moja, lakini haijaacha desturi ya kwao. Ifikapo Juni hupukutisha majani, ikasimama uchi kama kuni zilizochomekwa ardhini. Mwisho wa Agosti, kabla ya jani moja kutoka, hujaa maua meupe. Basi majira hayo tunayo, ila hatuna jina lake. Mimi huyaita demani ya mlimani, na wenyeji wa Tanga na Pangani naomba waniwie radhi kwa kuliazima neno lao.

Msomaji asiyeijua Usambara Magharibi apaswa kuelewa kwanza jinsi nchi ilivyokaa. Pale Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, uko meta mia nne na kidogo tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni joto la nyika. Ukiingia barabara ya kupanda, ukapita Soni kwenye maporomoko ya maji, baada ya kilometa 33 hivi unafika Lushoto, mahali penye kimo cha meta 1,400. Vijiji vingine viko juu zaidi ya hapo, kikiwemo chetu, upande wa Mlalo. Katika mwendo wa saa moja na nusu abiria wa basi huvua koti au huvaa koti, kutegemea anakwenda wapi. Juni hadi Agosti huku juu ni ukungu, manyunyu na baridi inayoingia katika mifupa. Kijana huiona kama karaha tu. Mtu wa miaka sabini na mitano huiona kwa namna nyingine.

Mke wangu naye alikuwa mwalimu. Alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 31, na chaki na baridi vimemwachia kifua kisichopenda Julai. Kwa hiyo tangu mwaka 2016 tumekuwa tukishuka. Katikati ya Juni, maharage yakiisha kupurwa na kutiwa magunia, tunafunga nyumba, tunamkabidhi jirani ng'ombe, tunamwachia mpwa wangu mahindi yaliyobaki shambani, na tunakwenda Tanga kwa binti yetu. Wiki ya kwanza ya Septemba tunapanda. Watu kijijini walicheka mwanzoni. Walisema Mwalimu siku hizi ana likizo kama Mzungu. Sikukasirika, maana katika nchi zenye theluji wastaafu hufanya hivyo hasa: wa Kanada na wa kaskazini ya Marekani hukimbilia Florida baridi ikiwazidi. Lakini nilipokuwa nikikaa barazani kule Tanga bila kazi, nilipata nafasi ya kufikiri juu ya kicheko kile, na nikaona kwamba majirani zangu wamesahau historia yao wenyewe. Kushuka na kupanda hakukuanza na malipo ya uzeeni.

Wazee wa Kisambaa waligawa ulimwengu katika sehemu mbili. Kulikuwa na Shambaai, yaani milimani, penye mgomba, maji na afya. Na kulikuwa na nyika, penye jua, homa na wanyama wakali. Mtu angedhani basi kwamba walikaa katikati ya milima, mbali kabisa na nyika. Sivyo. Vijiji vingi vya zamani vilijengwa kwenye ukingo, pale mlima unapokatika, ili mtu aweze kulima kotekote. Juu alikuwa na migomba yake na mazao yanayopenda unyevu. Chini alipanda mazao yanayovumilia ukame na kuiva haraka. Mvua za juu na za chini hazifanani wala haziji siku moja, na mwaka ambao upande mmoja ulikosa, upande wa pili ulimlisha mtu. Alishuka asubuhi, akalima, na alipoweza akarudi kulala juu kwa sababu ya homa. Hiyo ndiyo bima waliyokuwa nayo. Mume na mke wenye umri walijua siku ya kushuka na siku ya kupanda kama sisi tulivyojua kengele ya shule.

Mmisionari Krapf alipopanda kwenda Vuga mwaka 1848 kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai, alimkuta mtawala wa Kikilindi ambaye mamlaka yake yalishuka kutoka milimani hadi karibu na pwani. Katika nchi ya namna hiyo njia za kushukia zilikuwa salama kwa kadiri fulani. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake mambo yakageuka. Semboja, mmoja wa wanawe, alikaa Mazinde, chini kabisa nyikani kwenye njia ya misafara. Huko alipata biashara, na kwa biashara akapata bunduki, na kwa bunduki akamshinda Shekulwavu, mjukuu aliyerithi kiti cha Vuga. Habari hizo amezieleza kwa Kiswahili kitamu Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Naye alikuwa amekaa Mazinde akimtumikia Semboja, kwa hiyo hakusimuliwa yote. Kila mara nimeona ajabu kwamba kitabu hicho hakisomwi zaidi katika shule zetu za Tanga.

Kwa watu wadogo vita vile vilikuwa na maana moja. Aliyeshuka nyikani kulima maharage yake angeweza kukamatwa na kuuzwa Pangani. Wanawake na watoto hasa. Watu wakauacha ukingo, wakajisogeza juu ndani ya milima, na mashamba ya chini yakaota miiba. Bima ile ikavunjika. Bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa zamani za Wajerumani, alikuwa bado akiyasema maneno ya mama yake: huko chini usiende peke yako. Sisi watoto tulidhani anasema juu ya simba.

Walipokuja Wajerumani, safari zikageuzwa juu chini. Wao ndio waliokuwa wakikimbia, lakini walikimbia joto. Maofisa wa Tanga na Dar es Salaam walipanda Lushoto kupumua, wakaupa mji jina la mfalme wao, Wilhelmsthal. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo wakubwa walipandishwa mlimani kwenye hewa safi. Mierezi ya Shume nayo ikaanza kushuka: ilikatwa, ikapasuliwa, mbao zikateremshwa kwa waya juu ya magenge hadi Mkumbara. Na watu wetu wakashushwa pia. Mkonge ulikuwa umekwisha kuingia. Daktari Hindorf aliagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, na vilivyofika hai havikuzidi 62; ndivyo vilivyozaa yale mashamba yote ambayo msafiri huyaona hadi leo toka Tanga hadi Mombo na kuendelea. (Kwa hiyo Florida ile ile ya wastaafu inatuhusu zaidi ya tunavyofikiri.) Mashamba yalitaka mikono. Mwaka 1907 ikaletwa wilayani Wilhelmsthal kadi ya kazi: kila mwanamume ilimlazimu afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Hakuulizwa kama ni wakati wa kupanda au wa kuvuna. Demani ikapita nyumba nyingi za milimani bila baba, na jembe likabaki kwa mama.

Naomba msomaji akumbuke jambo hilo, maana linakuja tena.

Waingereza walipochukua nchi waliliacha jina la Wilhelmsthal wakarudi kwenye Lushoto, lakini hewa safi waliipenda vile vile. Watu waliongezeka milimani, mashamba yakawa madogo, misitu ilifungwa, na udongo ukaanza kushuka na mito. Hilo lilikuwa kweli. Wataalamu wao hawakulizua. Mwaka 1946 wakaanza Mlalo mpango wa kuokoa ardhi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaueneza Usambara. Ndio ule mpango ambao wazee wote wanaukumbuka kwa neno moja, matuta. Kila mwenye shamba alitakiwa kufanyiza matuta katika sehemu aliyopangiwa, matuta yaliyofungwa kwa vikingo vya udongo hata shamba likafanana na masanduku yasiyo na vifuniko. Kwenye mteremko mkali palikatazwa kulimwa. Asiyetii alitozwa faini au alifungwa.

Mimi nilizaliwa mwaka 1949, na katika mambo ya mwanzo ninayoyakumbuka ni mgongo wa mama yangu akichimba masanduku hayo. Baba alikuwa Muheza kwenye mkonge. Sheria ilimtaja baba, kwa sababu yeye ndiye mlipa kodi, lakini matuta aliyachimba mama, na ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi. Msimamizi alipita na fimbo ya kupimia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye fimbo. Mama alikuwa akisema kwamba ardhi ile ya chini iliyofukuliwa haina chakula ndani yake, kwamba mahindi yanatoka manjano, na kwamba siku anazotumia kuchimba ni siku za maharage. Wataalamu waliandika kwamba wenyeji hawajaelewa. Nadhani mama yangu alielewa vizuri. Alikuwa na jembe moja, watoto wanne, na mume aliye mbali. Hesabu hiyo haikuwa katika daftari za mpango.

Mwaka 1958 hivi mpango ukaachwa. Watu walikuwa wamekataa kwa ugomvi na kwa ukimya, na TANU ilikuwa imekwisha kuingia kila bonde. Matuta yakasawazishwa kwa furaha. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu mkuu na tukiambiwa Elimu ya Kujitegemea iwe ya vitendo, sikuweza kulitamka neno matuta katika mkutano wa wazazi bila kuona nyuso zikifungwa. Udongo ukaendelea kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuja mradi wa hifadhi ya udongo uliosaidiwa na Ujerumani, na waliouendesha wilayani walikuwa na hekima ya kuanza na majani. Walileta majani ya guatemala ya kupanda kwa mistari ya kukinga maji, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe wa zizini. Wakaleta migrevilea ya mbao na kuni. Mtu alipata maziwa kwanza, na udongo ukashika wenyewe nyuma ya majani. Jina la matuta halikutajwa sana.

Sasa nieleze demani ya mwaka 2024, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Tulipanda tarehe za mwanzo za Septemba, mke wangu, mimi, na mjukuu wetu wa kike aliyekuwa amemaliza kidato cha sita akisubiri chuo. Mtu akifikiri kwamba wastaafu hurudi nyumbani kupumzika, na aje ashuhudie. Nyumba iliyofungwa miezi mitatu mlimani ina tabia zake. Kuta zilikuwa zimeota ukungu hadi usawa wa dirisha. Panya walikuwa wamefungua gunia moja la maharage na fukusi walikuwa katika la pili. Bati la jikoni lilikuwa limenyanyuka upande wa upepo, na mfereji wa kukingia maji ya mvua umejaa majani ya mgrevilea. Siku mbili mke wangu hakuketi. Kila kilichoweza kubebeka kilitolewa juani: magodoro, magunia, vitabu vyangu, hata picha ya harusi. Jirani alimrudisha ng'ombe akiwa na afya, pamoja na maelezo marefu ya kwa nini ndama ni wake. Tulikuwa tumekubaliana hivyo, lakini maelezo ni sehemu ya heshima, na nilimsikiliza hadi mwisho.

Kisha kuhani. Hilo ndilo jambo ambalo wanaokaa mijini hawalihesabu kuwa kazi. Katika miezi mitatu ya baridi walikuwa wamefariki watu saba katika kijiji chetu na vijiji viwili vya jirani, watano kati yao wakiwa wazee. Julai hupenda wazee. Huwezi kukutana na mfiwa kisimani ukamwambia pole ukapita. Sharti uende kwake, ukae, usimuliwe ugonjwa ulivyoanza. Nyumba saba, kwa miguu, mlima kushuka na mlima kupanda, ni siku tano za watu wa umri wetu. Katika nyumba ya tatu mjane alituambia bila chuki, "Nanyi mlikuwa Tanga." Mke wangu akajibu, "Tulikuwa Tanga, dada, na habari ilitufikia kwa simu." Wakashikana mikono kwa muda. Hayo ndiyo malipo ya kushuka ambayo hayamo katika nauli ya basi, na sijui mtu ayalipe vipi ila kwa miguu.

Kazi kubwa ilikuwa shambani. Mvua za El Nino za mwisho wa 2023, na masika mazito ya 2024 yaliyofuata, zilikuwa zimevunja mistari yetu ya kukinga maji katika shamba la juu. Mwezi Aprili maji yalipita katikati ya shamba yakachimba mfereji ambao ng'ombe angeweza kujificha ndani yake. Mei udongo ulikuwa tope, Juni tukashuka. Kwa hiyo kazi yote iliangukia kwenye wiki hizi chache kati ya mwisho wa baridi na mwanzo wa vuli, wakati ardhi imekauka kiasi cha kushika umbo lakini bado haijawa jiwe. Mistari ilikuwa 17, na mvua za vuli hazimsubiri mtu.

Kuweka mstari wa kukinga maji si kuchimba tu. Lazima uwe sawa usawa wa maji, usishuke upande wowote, la sivyo maji hukusanyika penye kona na kupasua. Kipimo chake ni miti miwili ya urefu wa mtu iliyounganishwa juu na kutanuliwa chini, na wa tatu umekatiza katikati, kama herufi A. Juu inaning'inia kamba yenye jiwe. Ukisimamisha miguu miwili ya kipimo mahali palipo sawa, kamba huangukia penye alama ya katikati. Unapiga mambo, unazungusha mguu mmoja, unatafuta tena. Mambo kwa mambo, mstari unajichora wenyewe kuzunguka mlima, na haufanani kamwe na ule ambao jicho lilidhani. Mjukuu wangu, aliyesoma fizikia, alifurahi sana. Alisema hiki ni kitu alichokifanyia mtihani bila kukiona.

Mke wangu ndiye mwenye jicho la kamba. Mimi hubeba kipimo, yeye huamua. Kijana tuliyemwajiri huchimba, na mjukuu alifuata nyuma akipanda vipande vya guatemala. Kwa siku tulimaliza mstari mmoja, na siku ya nguvu mmoja na nusu. Alasiri tulikuwa na bonde: kung'oa majani katika vitalu vya kabichi, kuzibua mfereji wa maji ambao watu sita tunautumia kwa zamu, na kubishana kidogo juu ya zamu hiyo, kama kila mwaka. Miplamsi ilikuwa imepogolewa na mpwa wangu tangu Julai, kwa kuwa haifai kuikata ikisha kuchanua, na wakati huo ilikuwa meupe mitupu na nyuki wamejaa.

Juu ya shamba letu anakaa mzee wa zaidi ya miaka tisini. Kila asubuhi alikuja na mkongojo wake akaketi kwenye jiwe kututazama. Siku ya nne mjukuu alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo babu, unaonaje matuta yetu?" Mzee akaitika marahaba, akakaa kimya, halafu akasema, "Hizo ni ngazi. Matuta yalikuwa ya Waingereza." Binti akacheka akidhani ni utani. Jioni alimwuliza bibi yake kwa nini mzee hakutabasamu. Ndipo mke wangu alipomsimulia habari ya mzee huyo: mwaka 1956 mama yake alitozwa faini kwa ajili ya kipande cha shamba ambacho hakukiwahi kukifungia vikingo, akauza mbuzi wake wa pekee, na huyo kijana, kwa hasira, akashuka kwenye mkonge akakaa miaka kumi na moja. Msichana alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kuulizwa darasani: "Kwa hiyo Waingereza walikuwa wamekosea au hawakukosea?"

Nilimjibu kadiri ninavyoamini. Mlima ulikuwa unateremka, na waliosema hivyo walisema kweli. Lakini mstari wa kukinga maji huishi kwa kutunzwa kila mwaka, kwa mikono ya mtu anayeona faida yake mwenyewe. Ukiuchimba kwa fimbo, siku fimbo ikiondoka nao huondoka. Na waliouchimba hawakuulizwa hata siku za kuchimba. Ukimnyima mkulima haki ya kupanga lini ashuke, lini apande, lini achimbe, umekwisha kumwondolea nusu ya elimu yake. Wakilindi walioshindana kwa bunduki waliiondoa haki hiyo, Wajerumani kwa kadi, Waingereza kwa faini. Na sisi wenyewe baada ya uhuru, katika miaka ya kuhamia vijijini, hatukuwa na mikono safi kabisa katika sehemu nyingi za nchi. Aliandika kitu katika simu yake. Sikumwuliza ni nini.

Jambo lililokuwa nyuma ya yote hayo yafaa nilitaje, kwa maana msomaji wa umri wangu pengine analo nyumbani kwake. Mwezi Agosti, kule Tanga, binti yetu na mkwe wetu walituita baada ya chakula cha jioni. Mkwe wetu ni mtu mwenye adabu. Alizungumza kwa kuzunguka sana. Walikuwa wamemaliza chumba kipya chenye choo chake ndani, na maneno yenyewe yalikuwa haya: wazee wasipande tena. Shamba la juu liuzwe, bonde akabidhiwe mpwa, nyumba ifungwe iwe ya sikukuu. Hospitali iko karibu, kifua cha mama kinapona huko chini, na wao wenyewe watalala usingizi. Sikuona hata neno moja la kupinga kwa haki. Nilimtazama mke wangu, kwa sababu kifua ni chake na jicho la kamba ni lake.

Alisema, "Mwanangu, chumba nimekipenda. Nitakilalia Juni mpaka Agosti, Mungu akipenda. Septemba nina kazi."

Binti alilia kidogo. Hakuna aliyelitaja tena mpaka tulipoondoka, lakini najua halijakwisha. Mpwa wangu anazungumza habari za bodaboda na Dar es Salaam. Vijana wanaofaa kuajiriwa ni wachache kila mwaka, na wale wanaotaka kununua shamba la juu wanataka kupanda miti ya mbao na kwenda zao. Miti ya mbao haihitaji mtu ajue siku ya kushuka wala ya kupanda. Inahitaji mtu ajue bei. Pengine hata hivyo udongo utakaa, silaumu. Lakini mistari ile 17 ina majani yaliyopandwa na mke wangu tangu mwaka 1986, na kila mmoja anaujua kwa tabia yake, upi unavuja, upi una mwamba, upi una nyoka.

Mvua ya kwanza ilitunyeshea tarehe za mwisho za Septemba, usiku, bila radi. Tulikuwa tumemaliza mistari 11. Asubuhi tulipanda kutazama. Maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya kila mstari mpya, yamesimama sawa toka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa wa tisa, ambapo yalikuwa yameegemea kidogo upande wa kushoto. Mke wangu aliinama akaweka kidole majini, akasema wa tisa tutaurudia. Tukaurudia siku hiyo hiyo, na Jumatatu tukaanza wa 12, ardhi ikiwa laini.

Mjukuu alishuka Oktoba kwenda chuoni. Kipimo cha herufi A alikipiga picha kutoka pande nne. Mzee wa juu alimpa embe na nasaha. Mimi na mke wangu tulikuwa tumebakiza mistari miwili, na maharage ya vuli yalikuwa yamekwisha kuota katika ile ya chini.